Mkaja wa Mwantumu

Bi Mwanamkasi alikosa vitu vingi, na kwa kuwa watu wa Chumbageni ni hodari wa kuhesabu upungufu wa wenzao, orodha yake ilijulikana mtaa mzima. Alikosa jino moja la mbele. Alikosa friji linalogandisha. Alikosa mlango wa uani unaofungika bila kuegemezwa kinu. Alikosa ndugu wa kumsemea, maana waliokuwapo walikwisha kufa, na waliobaki walihamia huko ambako simu hazipatikani pindi zinapohitajika. Zaidi ya yote, alikosa kuzaa. Hili la mwisho watu walilitaja kwa sauti ya chini na kwa adabu kubwa, ili kila mtu alisikie vizuri.

Alichokuwa nacho ni Mwantumu. Alimpokea akiwa na siku tisa, akamlea mpaka akatimiza miaka ishirini na miwili, akamsomesha kwa mikate ya kumimina hadi akapata cheti cha kuuza dawa. Na sasa Mwantumu alikuwa ameposwa.

Barua ya posa iliingia Alhamisi, imefungwa ndani ya leso nyeupe, ikitokea Raskazone. Kijana mwenyewe aliitwa Sele, karani wa mawakili, kwa hiyo barua ilikuwa imepigwa chapa na ina aya zenye namba. Jibu lilitakiwa lirudi kabla ya Jumapili. Katika jibu hutajwa mahari, kisha hutajwa haki za wakubwa: kilemba cha baba, mkaja wa mama, na ubeleko.

Kwa faida ya vijana wanaodhani mkaja ni jina la bahasha, inafaa kueleza. Mkaja ni kitambaa kipana anachofungwa mwanamke tumboni akisha kujifungua, ili tumbo lirudi na kiuno kikaze. Binti yule akija kuposwa, mwanamume humrudishia mama kitambaa, kana kwamba anamwambia: nimepaona alipotoka huyu, na najua palichoka. Zamani kilikuwa nguo kweli. Siku hizi kimekuwa noti, kwa kuwa noti hazina haja ya kukunjwa vizuri. Lakini iwe nguo, iwe noti, siku yenyewe akina mama wa upande wa mume huingia kwa vigelegele, husimama katikati ya ukumbi na kuuliza: mama yuko wapi? Aliye mama husimama. Wengine hubaki wamekaa.

Mwanamkasi alikuwa ameisubiri siku hiyo ya kusimama kwa miaka ishirini na miwili, na hakuwahi kumwambia mtu.

Kikao kilipangwa Jumamosi saa tatu asubuhi, saa ambayo Mwanamkasi huwa na mikate minane jikoni na hana mkono wa kupokelea wageni. Aliyepanga ni Kombo, kaka mkubwa wa mumewe, mzee wa Kigombe ambaye kwa miaka sabini hajawahi kufika mahali kwa wakati unaomfaa mwenyeji.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Watoto hawajambo?" Kombo aliuliza kwa mazoea, kisha akakumbuka yuko nyumba gani, akaona bora akohoe.

"Hajambo," Mwanamkasi akajibu. "Ni yule yule mmoja, shemeji. Hajaongezeka."

Kombo hakuja peke yake. Nyuma yake, kutoka kwenye bajaji, aliteremka Khadija, mdogo wao wa mwisho, aliyerudi kutoka Maskati Jumatano akiwa na masanduku matatu na manukato ya kutosha kufukizia wilaya nzima. Khadija ndiye aliyemzaa Mwantumu. Hilo halikuwa siri. Mwantumu mwenyewe alilijua tangu darasa la tatu, ila hakuna aliyemfundisha neno jingine la kumwita mama huyo, akaendelea kumwita shangazi.

"Wifi yangu," Khadija akasema akimkumbatia. "Umenenepa, mashallah."

"Ni mikate. Na wewe umeng'aa."

"Ni kiyoyozi."

Walikuwa bado wamekumbatiana pale mlangoni, kila mmoja akisubiri mwenzake aachie kwanza, sauti ikaita kutoka ng'ambo ya ua: "Hodi, Mama Mwantumu."

"Karibu," wanawake wawili wakaitika pamoja.

Aliyeita alikuwa Devota, yaani Mama Noa, jirani, Mlutheri wa Lushoto aliyeteremka pwani na mume wa mashamba ya mkonge na kubaki na watoto watano na ulimi mmoja mrefu. Alisimama na sahani yake tupu, akamtazama mmoja, akamtazama wa pili.

"Nimemwita mwenye mikate," akasema.

Khadija akaingia ndani akitengeneza mtandio wake, ambao ulikuwa umekaa sawasawa.

Sebuleni wakaketi watatu: Kombo kwenye kiti chenye mikono, Khadija kwenye kochi, na Uweso, mume wa Mwanamkasi, kwenye kigoda mbele ya meza. Uweso alikuwa amestaafu utunzaji wa ghala bandarini. Hati yake nzuri aliipata ukubwani, katika darasa la usiku, na tangu hapo ndugu zake walimheshimu sana kila walipokuwa na kitu cha kuandikwa.

Mwanamkasi alileta chai. Akatua sinia, akaweka kando ya birika kitambaa cha kushikia, maana mpini wa birika lile huchoma, kisha akarudi nyuma ya pazia. Hapo ndipo wanawake wa nyumba hukaa ili wasisikie chochote, na huwa hawakosi hata neno.

Mwantumu alipita na vikombe. "Shangazi, chako sikutia sukari. Baba alisema una sukari mwilini."

"Ahsante, mwanangu," Khadija akasema. Neno hilo la pili lilitoka limepinda kidogo, kama nguo iliyokaa sandukuni muda mrefu.

"Andika," Kombo akaanza kuimla. "Baada ya salamu. Tumeipokea barua yenu na tumeridhia. Mahari, kama alivyotaja binti mwenyewe: msahafu, kitanda na cherehani. Kilemba cha baba, Uweso."

Uweso akaandika jina lake mwenyewe bila kupepesa. Halikubishaniwa. Kombo hakumeza hata mate kati ya neno na neno.

"Mkaja wa mama, Khadija."

Kalamu ya Uweso ikasita. Akaitikisa, akaitazama ncha yake, akafanya kila ambacho mtu hufanya anapotaka kalamu ibebe lawama yake.

"Kaka," akasema hatimaye, "na Mwanamkasi?"

"Sijamsahau. Njia nzima kutoka Kigombe nimelifikiria hili, wallahi, hata tende zangu sikula. Yeye tunampa ubeleko. Mkaja ni wa tumbo, ubeleko ni nguo ya kubebea mgongoni. Khadija alitoa tumbo, shemeji akatoa mgongo. Kila kiungo kimepata haki yake." Kombo akaegemea kiti, mikono juu ya fimbo, kama mtu aliyemaliza vita vya nchi mbili. "Tena neno lenyewe ni la Kiarabu."

Kwa Kombo, kila neno ambalo hakujua lilikotoka lilikuwa la Kiarabu.

Uweso alivuta kamusi yake kutoka chini ya redio. Haikuwa na jalada tena, na herufi A ilikuwa imeliwa na mchwa, lakini M ilikuwa nzima. Akavaa miwani, akasoma polepole: "Mkaja. Moja: kitambaa anachofungwa mwanamke tumboni baada ya kujifungua. Mbili: haki anayopewa mama wa bibi harusi."

"Umesikia mwenyewe. Moja ndiyo asili."

"Na ya pili je?"

"Ya pili ni ya watu waliochoka kufikiri," Kombo akasema, akanyoosha mkono kwenye birika, akalishika kwa kile kitambaa na kujiongezea chai. "Andika, yakhe. Mshenga ananisubiri Raskazone."

Jikoni, Devota alikuwa bado amesimama na sahani yake. Mkate wake ulikuwa tayari tangu zamani, lakini hakuona haraka.

"Ukuta huu wa fito," akasema, "ungesema mapema kama una redio."

Mwanamkasi alikuwa akiukoroga unga wa mchele, na mwiko ulikuwa ukizunguka kwa kasi isiyohitajiwa na mkate wowote.

"Kwetu milimani hakuna mambo ya mkaja. Mama hupewa blanketi. Hakuna anayeuliza mtoto umempata wapi, kila mtu anaogopa baridi."

"Mama Noa, chukua mkate wako."

"Nachukua. Ila nambie tu, siku hiyo utakaa wapi?"

Hilo ndilo lililokuwa likizunguka na mwiko. Mwanamkasi alijiona: ukumbi umejaa, sare zimeshonwa, akina mama wa Raskazone wamesimama katikati na kuuliza mama yuko wapi, na Khadija anainuka na marashi yake. Yeye yuko jikoni anahakikisha wali unatosha. Wangemletea ubeleko baadaye, kando, kama anavyoletewa mpishi chakula chake.

"Nitakaa hapa hapa," akasema. "Si ndipo nilipo?"

Mwantumu alikuwa ameingia na sinia tupu. Akaliweka chini taratibu. "Mama, ninaolewa mimi. Niache niende nikawaambie."

"Usiende. Bibi harusi akigombana na wakubwa, maneno yatamfuata mpaka kwa mume. Mimi yananijua, yamenizoea." Akaacha mwiko ndani ya bakuli. "Mama Noa, niangalizie huo wa mwisho usiungue."

"Na mimi nisikilizie nini?"

"Una masikio mazuri. Yatafika."

Akaingia sebuleni bila kuitwa, mikono ikiwa myeupe kwa unga hadi viwikoni. Kombo akamtazama kama mtu anayemwona kuku amepanda mkekani.

"Shemeji Kombo, nimekusikia, na umesema vizuri," Mwanamkasi akaanza. "Kila kiungo kipate haki yake. Basi turekebishe na kilemba kabla barua haijakauka. Kilemba kiandikwe Mbwana."

"Mbwana yupi?"

"Mbwana wa Pangani, fundi baiskeli. Aliyemwoa Khadija miezi mitano akamwacha na mimba. Si mlimpigia simu juzi, kama baba, ampe Uweso uwakili wa kumwozesha binti? Akasema muozesheni, mimi sina neno. Akauliza na jina la binti, mara mbili. Damu ni yake. Mtumieni kilemba chake."

"Mbwana?" Kombo alikasirika kweli, na chai ikamwagika kwenye kisahani. "Mtu ambaye hajamnunulia mtoto hata kandambili, leo tumvishe kilemba mbele za watu? Uweso ndiye aliyelea."

"Kumbe kulea kunahesabiwa."

Kombo akafungua mdomo.

"Au kunahesabiwa kukifanywa na mwenye ndevu?" Mwanamkasi akaendelea, sauti ile ile ya kuuliza watu kama wanataka sukari. "Uweso mmemwandika baba, wala hakuna aliyemuuliza alimbeba wapi. Mimi ndiye ninayekaguliwa tumbo."

Uweso aliinamia karatasi. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliliona jina lake mwenyewe limeandikwa vibaya, ingawa kila herufi ilikuwa mahali pake.

"Shemeji," Kombo akasema akijizuia, "usiniingize katika mabishano ya wanawake. Kilemba ni cha kichwani, na kila mtu ana kichwa. Mkaja hufungwa aliyezaa. Tusivunjiane heshima, lakini wewe hukufungwa."

"Nilifungwa."

Nyuma ya ukuta wa fito, hata Devota akaacha kutafuna.

"Nyumbani kwenu Kigombe, chumba cha nyuma," Mwanamkasi akasema. "Siku ya tisa, asubuhi ile aliyoondoka Khadija kuwahi gari la wakala wa kazi za Maskati. Mama yenu alimfungua mkaja yeye, akanifunga mimi pale pale, nguo ikiwa bado na joto lake. Akanilaza siku thelathini na moja zilizobakia mpaka arobaini ikatimia. Akanikanda kwa maji ya moto kama mzazi. Akaninywesha uji wa pilipili manga mpaka machozi yakanitoka. Mtoto akawekwa kifuani kwangu, akanyonya. Kilichotoka ni matone, lakini alinyamaza. Wanawake wa Kigombe wakaja kwa zamu kumtazama tasa aliyelala uzazi, wakacheka mpaka wakashika nguzo. Na pilipili manga ulinunua wewe, shemeji. Kila siku ulilalamikia bei."

"Bei ilikuwa juu," Kombo akasema.

Maneno yale yalipokwisha kutoka ndipo alipoyasikia. Akatazama dari, kisha fimbo yake, lakini hakuna kilichomsaidia.

"Haya, tuseme hivyo," akajaribu tena kwa ukali mdogo. "Jambo kama hilo huwa na ushahidi. Huo mkaja uko wapi?"

"Umeushika."

Kombo akatazama mkono wake. Ulikuwa umerudi kwenye mpini wa birika, na kati ya kiganja na moto kulikuwa na kitambaa kilichokunjwa mara nne na kushonwa pembeni kwa uzi wa buluu, kona moja imeungua.

"Panya walinitobolea sandukuni mwaka juzi," Mwanamkasi akasema. "Nikakata palipobaki pazima. Sikujua kama siku moja kitaitwa barazani."

Kombo alikiachia kama kimemng'ata. Khadija ndiye aliyekiokota. Alikigeuza, akakwangua masizi kwa kucha yake iliyopakwa rangi, mpaka pindo moja la zamani likaonekana, la uzi mwekundu.

"Ni chenyewe," akasema. "Mama alikipinda kwa uzi mwekundu, mweusi ulikuwa umemwishia. Nilikaa nikimtazama."

Nje, muuza maji alipita akisukuma mkokoteni.

"Nilimwambia naenda miaka miwili," Khadija akaendelea, akiwa bado anakitazama kitambaa. "Kisha tajiri akashika pasipoti. Kisha bati la nyumba ya Kigombe likahitajika. Kaka Kombo unalijua, unalala chini yake. Kila nikitaka kurudi kulikuwa na kitu kinahitajika." Akamwinulia Mwanamkasi macho. "Sikuja kuchukua noti, wifi. Noti ninazo. Nilitaka siku moja watu waulize mama yuko wapi, nisimame mimi."

Mwanamkasi alikuwa na majibu ya miaka ishirini na miwili, yote yamenolewa, kwa ajili ya Khadija mwenye kiburi. Kwa Khadija huyu hakuwa ameandaa hata moja. Unga ulikuwa ukikauka mikononi mwake na kumvuta ngozi. Akaketi ukingoni mwa kochi, mbali na manukato, lakini si mbali sana.

"Baba Mwantumu," akasema, "chukua karatasi nyingine. Mkaja wa mama, andika Mwanamkasi. Tena sitaki noti, nataka nguo."

Uweso aliandika upesi kuliko wakati wowote tangu ahitimu darasa la usiku.

"Ubeleko, andika Khadija."

"Ubeleko?" Kombo alishindwa kujizuia, maana mpango wake ulikuwa umepinduliwa miguu juu. "Lakini huyu hakumbeba mtoto hata siku kumi."

"Ndiyo maana. Wa kwanza hakumbeba. Mwantumu akijaliwa, aje ambebe huyo wa pili, mjukuu. Tena kwa mgongo, si kwa simu."

"Mkataba wangu unaisha mwakani," Khadija akasema polepole.

"Basi usitie saini mwingine. Bati lishaezekwa."

Khadija alicheka kidogo, na kicheko kikageuka kitu kingine katikati ya njia. Alitafuta cha kufutia uso, akajikuta ameshika kitambaa cha birika, akajifuta nacho hicho hicho. Akabaki na alama ya masizi shavuni, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia.

"Mimi sijaulizwa," Mwantumu akasema kutoka kwenye pazia.

"Wataka nini?" Kombo akauliza kwa uchovu.

"Baba mkubwa, andikeni mkaja uwe mpana. Mama amenenepa."

Barua iliponakiliwa yote ikawa nzuri, mistari imenyooka, aya zina namba, maana Uweso hakutaka karani wa mawakili amzidi. Tatizo likawa bahasha. Gundi yake ilikuwa imekufa kwa unyevu wa Tanga, na Kombo aliilamba mara tatu bila mafanikio, akabaki na ladha mbaya mdomoni juu ya ile aliyokuwa nayo.

Mwanamkasi akaichukua. Alichovya kidole kwenye bakuli la unga wa mchele, akaupaka ukingoni, akabana kwa ngumi, kisha Uweso akaweka kamusi juu yake. Wakasubiri ikauke. Chumba kizima kilinukia iliki.

"Mama Mwantumu," Devota akaita kutoka jikoni, kana kwamba hakuwa na habari ya lolote, "huu wa mwisho umeungua upande mmoja."

Khadija aliinua kichwa, akakiinamisha. Safari hii aliitika mmoja.

"Nakuja, Mama Noa. Ukate palipoungua, palipo pazima chukua wewe."

Uweso akaondoa kamusi. Bahasha ilikuwa imeshika. Akaifunga ndani ya leso nyeupe, akamkabidhi kaka yake kwa mikono miwili, kwa kuwa kumpelekea mshenga ni kazi ya mkubwa wa ukoo na Kombo mwenyewe ndiye aliyeidai mbele ya kila mtu. Mzee akapanda bajaji pole pole, fimbo kwapani. Dereva akamuuliza wapi, akasema Raskazone, na asikimbize. Ikaondoka hivyo, Kombo ameketi wima na leso juu ya viganja vyake vyote viwili, kama mtu aliyepewa birika la moto akakosa kitambaa.